Gesi na Shinikizo Katika Mashine ya Usingizi: Mwongozo Kamili Kutoka Mtungini Hadi Mapafuni

Mtungi mdogo wa oksijeni unaoning'inia nyuma ya mashine ya usingizi, ukiwa umejaa, una shinikizo la takriban baa 137. Mapafu ya mtu mzima aliyelala usingizi wa dawa yanatosheka na sentimita 15 hadi 20 za maji. Baa moja ni kama sentimita 1,020 za maji. Piga hesabu mwenyewe: kati ya mtungi na mapafu, shinikizo linapaswa kushushwa karibu mara 7,000. Ukiacha habari ya kuchanganya mvuke wa dawa, kazi ya mashine ni hiyo hasa, kuiteremsha gesi hatua kwa hatua mpaka ifike kwa mgonjwa ikiwa pole.

Nawaandikia wanaojifunza kazi ya usingizi, pamoja na wenzangu ambao wameendesha mashine miaka mingi lakini wakiulizwa kwa nini geji inasoma hivi na si vile, wanatazama pembeni. Maandishi haya hayachukui nafasi ya kitabu cha mashine yako wala ya msimamizi wako. Kabla ya yote, shika jambo moja: nobu ya mita (kipimo cha mtiririko wa gesi) haipangi shinikizo. Nobu inapanga ni gesi kiasi gani inaingia. Shinikizo linapangwa na mlango wa kutokea. Ajali nyingi za shinikizo ni gesi iliyoendelea kuingia huku mtu akiwa ameufunga mlango na kusahau.

Mtungi, bomba la ukutani na kipunguza shinikizo

Kabla ya kuufunga mtungi kwenye mashine, ufungue kidogo sana, upulize vumbi, kisha uufunge. Usielekeze mdomo wake kwa mtu. Mikono isiwe na mafuta wala losheni, kwa sababu oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na mafuta inaweza kuwaka. Weka washa moja tu, yaani pete ya kuziba kiungo kisivuje. Shingo ya mtungi ina matundu yanayopokea pini za mashine: oksijeni ni namba 2 na 5, nitrasi oksaidi (gesi ya usingizi) 3 na 5, hewa 1 na 5. Mtungi ukigoma kukaa, usiulazimishe na usiongeze washa ya pili, maana washa mbili huzifanya pini zisifike kwenye matundu, na hapo ulinzi wote umeuondoa kwa mkono wako. Rangi nazo zisikudanganye. Oksijeni ni nyeupe katika nchi nyingi lakini Marekani ni kijani. Soma lebo.

Fungua mtungi polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu. Ukiufungua kwa kishindo, gesi hujibana ghafla ndani ya kipunguza shinikizo, joto linapanda, na geji inaumia.

Sasa soma geji, ila kwa akili mbili tofauti. Oksijeni mtungini ni gesi tupu, hivyo geji inasema kweli: mtungi wa lita 680 ukisoma nusu ya shinikizo lake, umebaki na lita 340 hivi. Kwa mtiririko wa lita 2 kwa dakika hizo ni dakika 170. Lakini kama ventileta yako (kifaa kinachompumulisha mgonjwa chenyewe) inasukumwa na oksijeni hiyohiyo, inakula kiasi kinachokaribia pumzi za mgonjwa za dakika nzima, na hesabu yako ya saa tatu inakuwa chini ya saa moja. Wengi hulisahau hili mpaka siku bomba la ukutani linapokatika.

Nitrasi oksaidi mtungini ni kimiminika. Geji yake hukaa palepale, kwenye baa 50 hivi kwa joto la chumba, mradi tu kuna tone la kimiminika ndani. Ikianza kushuka ujue kimiminika kimekwisha na umebaki na robo ya mtungi au pungufu. Ukitaka kujua ukweli kabla ya hapo, upime mtungi kwa mizani.

Bomba la ukutani huleta gesi kwa takriban baa 4. Kipunguza shinikizo cha mtungi hupangwa kutoa kidogo chini ya hapo, na kwa makusudi: vyote viwili vikiwa wazi, mashine hunywa ya ukutani kwanza. Ndiyo maana baada ya kukagua mtungi wa akiba unaufunga. Ukiuacha wazi na shinikizo la ukutani likayumba, mtungi utaanza kutumika kimyakimya, na king'ora cha kukosa oksijeni kitalia wakati akiba nayo imekwisha.

Utaratibu huohuo una upande wa hatari. Tuseme mafundi wameunganisha mabomba vibaya na kwenye tundu la oksijeni inakuja gesi nyingine. Kipimaoksijeni, kinachopima asilimia ya oksijeni katika gesi anayovuta mgonjwa, kinaanza kushuka ingawa mita ya oksijeni imesimama vizuri. Ukifungua mtungi peke yake hujasaidia kitu, kwa kuwa gesi ya ukutani ina nguvu zaidi na itaendelea kuingia. Fungua mtungi na ung'oe mpira wa ukutani. Yote mawili. Kipimo kisipopanda, achana na mashine, chukua ambubegi (mfuko wa kupumulisha kwa mkono usiotegemea mashine) na mtungi wa pembeni.

Mita: kiasi kinachoingia

Ndani ya nobu kuna sindano inayoziba tundu. Unapoizungusha tundu linapanuka, gesi inapanda kwenye kioo chenye umbo la kupanuka juu, na kielea kinainuka mpaka uzito wake ulingane na nguvu ya gesi. Kielea cha umbo la pia husomwa juu yake; gololi husomwa katikati. Kielea kizuri huzunguka. Kisipozunguka, kimegusa ukuta wa kioo kwa uchafu au umeme tuli, au mashine imeinama, na namba unayosoma si ya kuaminika. Usikaze nobu kwa nguvu unapoifunga. Ncha ya sindano huharibika na mita haitafunga tena vizuri.

Nobu ya oksijeni imetengenezwa tofauti, ina mikunjo mikubwa, ili vidole viitambue gizani. Kwenye mstari wa mita, oksijeni huingia mwisho, karibu na njia ya kutokea, ili kioo cha gesi nyingine kikipasuka isiwe oksijeni inayopotea kwanza. Mashine nyingi pia zimefunga nobu ya nitrasi oksaidi na ya oksijeni kwa mnyororo au mfumo mwingine, ili oksijeni isishuke chini ya robo ya mchanganyiko. Mfumo huo hauna macho. Unajua nobu zimezungushwa kiasi gani, haujui ni gesi gani iliyo ndani ya bomba. Kinachojua ni kipimaoksijeni pekee, na ndiyo sababu mimi siwashi mashine ambayo kipimo hicho kimekufa, hata nikiambiwa ni upasuaji wa dakika kumi.

Ukichanganya oksijeni na hewa, hesabu ni nyepesi: lita za oksijeni jumlisha asilimia 21 ya lita za hewa, gawanya kwa jumla yote. Lita 1 na lita 1 zinakupa 1.21 kwa 2, yaani asilimia 60. Lakini hiyo ni gesi inayoingia kwenye saketi, yaani mabomba ya kupumulia kati ya mashine na mgonjwa. Ukipunguza mtiririko, anachopumua mgonjwa ni kitu kingine. Chukua nusu lita ya oksijeni na nusu lita ya hewa. Kwa dakika zinaingia mililita 605 za oksijeni. Mwili wa mtu mzima unachukua kama 250. Zinabaki 355 katika gesi ya mililita 750, chini kidogo ya nusu. Ulipanga asilimia 60, na gesi inayozunguka itatulia karibu na 50. Mtiririko ukishuka zaidi, pengo linakua. Hakuna ubaya kutumia mtiririko mdogo; unaokoa dawa na kuhifadhi joto na unyevu wa pumzi. Ubaya ni kuutumia bila kipimo cha gesi inayoingia kwa mgonjwa.

Mpangilio ninaoufuata kwa mtu mzima kwenye saketi ya duara, ambamo gesi aliyotoa mgonjwa huzunguka na kurudi kwake, ni huu. Kabla ya kumlaza, oksijeni tupu kwa lita 6 hadi 10, barakoa ikikaa sawasawa usoni, dakika tatu za kupumua kwa utulivu. Baada ya tyubu ya kupumulia kuingia kooni na kuthibitishwa kwa kapnografu (kipimo cha kabonidaioksaidi katika pumzi), naacha mtiririko juu kwa dakika kadhaa ili mvuke wa dawa ujae kwenye saketi. Kisha nashusha hadi lita 1 au 2. Karibu na mwisho wa upasuaji nafunga mvuke na kupandisha mtiririko tena ili dawa isafishwe nje. Ukitaka kubadilisha kina cha usingizi haraka ukiwa kwenye mtiririko mdogo, kuzungusha vepaiza (kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke) peke yake hakutoshi, utasubiri sana. Pandisha mtiririko kwanza.

Kitufe cha kumwaga oksijeni kina tabia zake. Kinatoa lita 35 hadi 75 kwa dakika moja kwa moja, bila kupitia mita wala vepaiza. Geuza namba hiyo kuwa sekunde: mililita 580 hadi 1,250 kila sekunde. Pumzi nzima ya mtu mzima inajaa ndani ya sekunde moja. Usikibonyeze wakati ventileta inasukuma pumzi, maana wakati huo mlango wa kutokea umefungwa. Usikibonyeze mara kwa mara kujaza mfuko wa kupumulishia unaovuja, kwa kuwa kila mara unaipunguza dawa na mgonjwa anaweza kuamka. Tafuta panapovuja.

Mlango wa kutokea

Vali ya APL, yaani vali ya kurekebisha kikomo cha shinikizo, ni kifuniko chenye springi. Shinikizo la saketi likizidi nguvu ya springi, gesi inatoka kwenda kwenye bomba la kutolea gesi chafu nje ya thieta. Mgonjwa akipumua mwenyewe, iache wazi kabisa. Ukimpumulisha kwa mkono, ikaze kidogokidogo mpaka kuubana mfuko kukupe sentimita 15 hadi 20, huku kifua kikiinuka. Kwa barakoa usivuke 20 bila sababu. Juu ya hapo gesi huanza kushuka tumboni.

Namba zilizochorwa kwenye vali ni makadirio. Anayesema ukweli ni geji ya saketi, na kabla ya geji kuna mfuko. Mfuko ukijaa na kukaza kama ngoma, mlango umefungwa. Ukilala bapa, gesi inavuja au haiingii ya kutosha. Mfuko mzuri wa mpira wa lita 2 una fadhila moja: ukishajaa unavimba, na shinikizo hukaa kati ya sentimita 40 na 60 hivi badala ya kupanda bila kikomo. Hiyo ni nafasi ya kujiokoa. Usiihesabu kama usalama.

Nilijifunza habari hii nikiwa mwanafunzi. Nilikagua saketi kwa kuvuja, vali nikaifunga kama inavyotakiwa, kisha nikaitwa kusaini karatasi. Niliporudi mgonjwa alikuwa mezani, nikamwekea barakoa, lita 6 zinaingia, yaani mililita 100 kila sekunde, hakuna pa kutokea. Mfuko ulivimba, mgonjwa akaanza kuhangaika, na msimamizi wangu akanyoosha mkono juu ya bega langu akafungua vali bila kusema neno. Tangu siku hiyo kipimo cha kuvuja kwangu hakijaisha mpaka vali iwe wazi.

Swichi ya kuchagua mfuko au ventileta nayo inataka uangalifu. Ukiwa kwenye ventileta, APL katika mashine nyingi imekatwa nje ya njia. Unaweza kuizungusha upendavyo, hakuna kitakachobadilika. Ukirudi kwenye mfuko, inarudi kazini mahali ulipoiacha saa mbili zilizopita. Kwa hiyo ifungue kwanza, ndipo ugeuze swichi.

Na usisahau bomba la gesi chafu. Gurudumu la kitanda likilikanyaga, na vali yake ya usalama ikiwa imeziba, shinikizo linarudi nyuma mpaka kwenye mapafu, hata kama APL iko wazi kabisa.

Ukaguzi kabla ya mgonjwa wa kwanza

Mashine mpya hujikagua zenyewe ukiziwasha. Bado ujue kufanya kwa mkono, kwani mashine haijui kama ulibadilisha mpira baada ya yenyewe kumaliza.

1. Weka ambubegi karibu na uhakikishe inafanya kazi. Hii inakuja kabla ya kugusa kitu kingine chochote.
2. Soma geji ya ukutani na ya mtungi. Funga mtungi ukishausoma.
3. Hakikisha kipimaoksijeni kinasoma 21 kwenye hewa ya kawaida na kinapanda kuelekea 100 kwenye oksijeni tupu.
4. Fungua oksijeni na nitrasi oksaidi, kisha kata oksijeni. King'ora kilie, na nitrasi oksaidi ishuke au ikatike yenyewe.
5. Funga mita zote na APL, ziba mdomo wa saketi kwa kiganja, jaza hadi sentimita 30 kwa kitufe cha oksijeni. Geji isimame hapo angalau sekunde 10. Ikishuka, ongeza oksijeni taratibu mpaka isimame: mtiririko huo ndio kiasi kinachovuja.
6. Ukiwa bado umeziba mdomo, fungua APL. Shinikizo lishuke mara moja. Kwa njia hii umepima vali, na umeiacha wazi.
7. Pumulisha mfuko wa majaribio kwa mkono na kwa ventileta, uone vali mbili za njia moja zikiinuka kwa zamu.

Baadhi ya mashine zina vali ya kuzuia gesi isirudi baada ya vepaiza. Kwenye hizo, hatua ya 5 haioni uvujaji ulio nyuma ya vali hiyo. Tumia mpira wa kufyonza: ubane ubaki bapa, uunganishe kwenye tundu la kutokea gesi, mashine ikiwa imezimwa na mita zimefungwa. Ukibaki bapa sekunde 10, hakuna pengo. Rudia huku ukifungua vepaiza moja baada ya nyingine, kwa sababu kifuniko cha kujazia kilicholegea huonekana tu vepaiza ikiwa wazi.

Ventileta

Kwa mtu mzima anza na mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito unaolingana na kimo chake, si uzito wa mizani. Pumzi 10 hadi 14 kwa dakika, ukirekebisha kwa kapnografu. PEEP, yaani shinikizo linalobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi, ya sentimita 5 inatosha wengi. King'ora cha shinikizo la juu kiweke kama sentimita 10 juu ya kilele unachokiona. Ukikiacha kwenye 60 alikokiacha mwenzako wa jana, hakikulindi.

Kwenye ventileta za zamani, gesi ya mita huongezwa juu ya pumzi uliyopanga. Lita 6 kwa dakika, pumzi 10, kuvuta sekunde 2 na kutoa sekunde 4: mililita 200 za ziada katika kila pumzi. Kwa mtu mzima ni nyongeza tu. Kwa mtoto ni balaa. Kila unapogusa mita, tazama tena kiasi cha pumzi na shinikizo.

Saketi ya Bain, yenye bomba ndani ya bomba, haina chokaa ya kunasa kabonidaioksaidi, hivyo mtiririko ndio unaoisafisha. Mgonjwa anayepumulishwa anahitaji mililita 70 kwa kilo kwa dakika hivi. Anayepumua mwenyewe anahitaji mara mbili hadi tatu ya pumzi zake za dakika. Kagua bomba la ndani kila mara: lizibe kwa pistoni ya bomba la sindano, kielea cha mita kishuke kidogo. Kisiposhuka, bomba la ndani limechomoka, na mgonjwa atapumua hewa yake mwenyewe.

Shinikizo likipanda au likianguka

Likipanda ghafla, geuza kwenda kwenye mfuko, APL wazi kiasi, na upumulishe kwa mkono. Mkono unakwambia kama kuna ugumu kweli. Kisha chomoa saketi kwenye tyubu na uibane bila mgonjwa. Ikiwa bado ngumu, tatizo ni la mashine: mpira uliokunjika, kichujio kilicholowa, vali iliyokwama, kitufe cha oksijeni kilichonasa. Ikiwa laini, pumulisha kwa ambubegi na utafute kwa mgonjwa.

Hapo kuna kipimo kizuri ambacho hakitumiki inavyostahili. Simamisha pumzi kidogo mwisho wa kuvuta na ulinganishe kilele na shinikizo la kutulia. Kilele kikiwa juu na la kutulia likiwa la kawaida, njia ni nyembamba: tyubu imekunjika au anaiuma, makohozi, bronkasi (njia za hewa za mapafuni) zimebana. Vyote vikipanda pamoja, mapafu au kifua vimekuwa vigumu: tyubu imeingia pafu moja, hewa imejaa nje ya pafu, tumbo limejazwa gesi ya upasuaji, au misuli imeamka.

Likianguka, fuata kwa mkono kutoka kwa mgonjwa kurudi kwenye mashine. Kiungo kati ya tyubu na saketi ndicho kinachochomoka mara nyingi. Baada ya hapo tazama puto la tyubu, bomba dogo la kapnografu, kifuniko cha kopo la chokaa, vepaiza. Usipopata ndani ya sekunde chache, ambubegi kwanza, upelelezi baadaye.

Kufunga mashine

Jioni funga mita zote. Gesi kavu ikipita usiku kucha hukausha chokaa, na chokaa iliyokauka ikikutana na desflurane (dawa ya usingizi ya mvuke) asubuhi inaweza kutoa kaboni monoksaidi. Funga mitungi, ng'oa mipira ya ukutani, bonyeza kitufe cha oksijeni mpaka geji yake isome sifuri, na fungua mita za gesi nyingine mpaka nazo zifike sifuri. Kisha rudi ufunge nobu zote tena. Ukiziacha wazi, atakayefungua mtungi kesho atakirusha kielea mpaka kwenye ncha ya juu ya kioo, kikwame pale kisipoonekana, naye atadhani hakuna gesi inayopita.